Tovuti Yako Hukaa Wapi?

Siku hizi hata wenye biashara ndogo wana tovuti. Tovuti ni kurasa za maandishi na picha ambazo watu husoma kwa simu au kompyuta, kwa njia ya intaneti. Fundi cherehani huonyesha nguo zake. Kikundi cha wafuga nyuki hutangaza asali yake. Je, kurasa hizo hukaa wapi?

Wengine hudhani hukaa hewani. Sivyo. Hukaa ndani ya kompyuta maalumu iitwayo seva. Seva huwaka usiku na mchana, ili mteja akitaka kusoma wakati wowote azikute. Kununua seva na kuitunza ni gharama kubwa. Kwa hiyo mwenye biashara ndogo hupanga nafasi katika seva ya kampuni, kama mtu anavyopanga nafasi katika ghala. Hulipa kodi kwa mwezi au kwa mwaka.

Nafasi hupimwaje?

Mahindi tunapima kwa kilo na kwa gunia. Nafasi ya seva hupimwa kwa baiti. Herufi moja huchukua baiti 1. Baiti 1,000 ni kilobaiti 1. Kilobaiti 1,000 ni megabaiti 1. Megabaiti 1,000 ni gigabaiti 1.

Ukurasa wenye herufi 2,000 huchukua kilobaiti 2 tu. Lakini picha moja iliyopigwa kwa simu yaweza kufika megabaiti 4. Hiyo ni sawa na kurasa 2,000 za maandishi! Basi kinachojaza ghala ni picha, siyo maneno.

Tuseme wafuga nyuki wameweka picha 100, kila moja megabaiti 4. Jumla ni megabaiti 400. Wakizipunguza kwanza hadi kilobaiti 200 kila moja, jumla ni megabaiti 20 tu. Programu za kupunguza picha zipo, nyingine ni za bure. Kwenye simu ya mteja picha bado itaonekana vizuri. Tena itafunguka upesi, wala haitamlia bando sana.

Uliza kabla ya kulipa

1. Nafasi ni gigabaiti ngapi?
2. Je, barua pepe nazo zimo katika nafasi hiyo? Zikiwamo, ghala likijaa barua za wateja zaweza kukataliwa.
3. Mwaka wa pili kodi itakuwa kiasi gani? Mara nyingine hupanda.
4. Nikichelewa kulipa, tovuti itafutwa baada ya siku ngapi?

Wapo wanaotangaza nafasi isiyo na kikomo. Usikimbilie, soma masharti kwanza. Hakuna ghala lisilojaa.

Weka nakala

Ghala laweza kuungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine waliweza kurudisha tovuti zao. Baadhi ya wasiokuwa na nakala walipoteza kazi yao moja kwa moja.

Mkulima hali mavuno yote, huweka mbegu. Nakala ndiyo mbegu ya tovuti. Iweke kwenye flashi au kompyuta yako mwenyewe, na uibadilishe kila unapoongeza jambo jipya. Mbegu ikiwapo, ghala likiungua utapanda tena.