Mtoto anataka kuwa rubani? Kampime macho kabla ya kuuza kiwanja

Na Mwandishi Wetu, Musoma

JUMAMOSI moja asubuhi, Buhare, mama mmoja anayeuza dagaa alinionyesha daftari la mwanawe wa kidato cha nne. Kurasa za nyuma zilijaa michoro ya ndege.

"Mwanangu, wewe unaandika mambo ya afya. Huyu wimbo wake ni urubani tu. Baba yake anataka tuuze kiwanja tumlipie ada. Unasemaje?"

Nikamuuliza: "Mama, amewahi kupimwa macho?"

Akacheka. "Anaona vizuri tu. Usiku ananitungia uzi kwenye sindano."

Wazazi wengi wangejibu hivyo. Wanajua kuwa rubani lazima ajue hisabati na fizikia, lakini hawajui kwamba bila cheti cha afya leseni haipatikani, hata kama ada imelipwa yote.

Vipimo vyenyewe

Tanzania leseni za marubani hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Umri wa chini kwa rubani wa ndege binafsi ni miaka 17, na kwa rubani wa biashara ni miaka 18.

Kuna mitihani ya darasani: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, ndege inavyofanya kazi, mawasiliano ya redio na mengineyo. Kiingereza hupimwa kwa ngazi sita, na anayeruka kimataifa anatakiwa kufikia angalau ya nne. Kisha kuna saa za kuruka na mtihani wa vitendo angani mbele ya mtahini.

Cheti cha afya hutolewa na daktari aliyeidhinishwa kupima marubani. Anayetaka kurusha ndege kwa malipo anahitaji cha daraja la kwanza. Hupimwa haya:

Macho: Kila jicho lifikie angalau 6/9. Miwani inaruhusiwa, kwa hiyo mtoto anayevaa miwani asikate tamaa.

Rangi: Anasoma namba zilizofichwa kwenye vidoti vya rangi. Taa za uwanjani na za ndege nyingine hutambuliwa kwa rangi, nyekundu na kijani zikiwemo.

Masikio: Hupimwa kwa mashine. Usaha wa masikio usiotibiwa utotoni unaweza kupunguza usikivu, na muziki wa sauti kubwa kwenye hedifoni nao huharibu.

Moyo, damu na ubongo: Kuna kipimo cha umeme wa moyo na shinikizo la damu. Mwenye historia ya kifafa hapiti. Mtoto aliyewahi kupata degedege, mweleze daktari ukweli wote. Kwa selimundu, ambayo ipo kwa wingi Kanda ya Ziwa, tofautisheni: kubeba kinasaba tu kwa kawaida si kizuizi, kuugua ugonjwa wenyewe ni jambo jingine.

"Kwa hiyo ni mimi?"

Wiki mbili baadaye yule mama akanipigia. Kijana alipimwa. Uoni wa mbali ni mzuri, lakini kwenye vidoti vya rangi alikosea namba kadhaa. Daktari akamweleza kwamba tatizo hilo huwapata zaidi wavulana, na mara nyingi hurithiwa kupitia kwa mama.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemharibia?" aliuliza, sauti ikikatika.

Hapana, mama. Hakuna anayechagua vinasaba vya kumpa mwanawe, na wewe mwenyewe huenda unaona rangi zote vizuri. Wala safari haijaisha. Anayeshindwa vidoti anaweza kupimwa zaidi kwa taa za rangi, na akizitambua bila shida, anaweza kupita. Ni daktari wa anga pekee atakayetoa jibu hilo, hivyo ndiko anakopaswa kwenda kwanza.

Mzazi, fanya hivi

Mpime mtoto macho na rangi mapema, hata akiwa shule ya msingi. Tibu masikio yanayotoa usaha. Akimaliza shule na bado anautaka urubani, atafute kwanza cheti cha afya cha daraja la kwanza, ndipo mlipe ada ya chuo, kiwe cha hapa nchini, Kenya au Afrika Kusini. Gharama ya vipimo ni ndogo ukilinganisha na ada.

Msimfiche daktari ugonjwa wowote. Cheti hicho hurudiwa kila mwaka, na hewani rubani hubeba roho za watu.

Kiwanja cha Buhare bado hakijauzwa. Kijana anasubiri kipimo cha taa, na mama yake anasema daftari la ndege bado analo mkononi.