Taa za Trela Zikikataa Kuwaka

Wakati wa mavuno kazi haiishi pamoja na jua. Miwa ya Muhoroni, mahindi ya Lugari na viazi vya Kinangop hupakiwa mchana kutwa, na mara nyingi trela huingia barabarani giza limekwisha shuka. Trela isiyo na taa nyuma ni mtego. Dereva wa lori anayekuja kwa mbio haioni mpaka amekwisha kuikaribia, na trekta nayo yaenda polepole. Watu wamekufa kwa njia hiyo, na sheria ya barabara hairuhusu gari kwenda usiku bila taa.

Taa zikikataa, wakulima wengi hukimbilia kununua balbu. Zikikataa tena, hulaumu betri. Lakini mara nyingi balbu ni nzima na betri ni nzima, ila njia ya umeme ndiyo iliyokatika. Njia hiyo waweza kuikagua wewe mwenyewe, ukifuata utaratibu.

UMEME HUENDA NA KURUDI

Umeme ni kama mtoto aliyetumwa dukani: lazima aende, na lazima arudi nyumbani. Hutoka katika betri ya volti 12, hupita katika fyuzi na swichi, huingia katika soketi iliyo nyuma ya trekta, kisha hufuata plagi na waya mpaka kwenye balbu. Kutoka hapo hurudi kwenye betri kwa waya wa kurudi na kwa chuma cha trekta. Njia ya kwenda ikikatika, taa haiwaki. Njia ya kurudi ikikatika, pia haiwaki.

Soketi nyingi za trela zina matundu 7, na kila tundu lina namba ndogo. Kwa kawaida kazi zake ni hizi:

Namba 1, waya wa manjano: taa ya kugeuka kushoto.
Namba 2, waya wa buluu: taa ya ukungu, kama ipo.
Namba 3, waya mweupe: njia ya kurudi.
Namba 4, waya wa kijani: taa ya kugeuka kulia.
Namba 5, waya wa kahawia: taa ya nyuma ya kulia.
Namba 6, waya mwekundu: taa za breki.
Namba 7, waya mweusi: taa ya nyuma ya kushoto.

Ikiwa trela yako iliwahi kufungwa waya upya, usiamini rangi peke yake. Ufuate kila waya mpaka mwisho wake.

TENGENEZA TAA YA KUJARIBIA

Chukua balbu ndogo ya volti 12 na uifunge nyaya mbili ndefu. Chombo hiki hakina gharama kubwa, nacho kitakuokoa safari nyingi za mjini.

Simamisha trekta mahali tambarare, zima injini, vuta breki na weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Kisha fuata hatua hizi:

1. Washa taa. Ikiwa taa za trekta yenyewe haziwaki, anza na betri na fyuzi. Ikiwa za trekta zinawaka na za trela hazina habari, endelea.

2. Chomoa plagi. Funga waya mmoja wa taa ya kujaribia kwenye chuma kisafi cha trekta, na kwa waya wa pili gusa tundu namba 5, kisha namba 7. Ikiwaka, umeme umefika kwenye soketi, na kasoro iko katika plagi au katika trela. Isipowaka, kasoro iko upande wa trekta.

3. Rudisha plagi. Chukua waya mrefu, uguse nao chuma kisafi cha trekta na chuma cha taa ya trela kwa pamoja. Taa zikiwaka mara moja, mgonjwa ni njia ya kurudi.

Hatua hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa sana. Watu wengi hutegemea umeme urudi kwa pini ya kuvutia trela. Lakini pini hiyo ina kutu na grisi, tena inachezacheza njiani. Kwa hivyo funga waya mweupe kutoka namba 3 mpaka kwenye bolti ya fremu ya trela, baada ya kukwangua rangi na kutu kwa msasa.

DALILI NA SABABU

Ikiwa taa moja tu haiwaki, tazama balbu yake, kikalio chake na waya wake. Balbu ya wati 21 na 5 ina nyuzi mbili, moja ya breki na moja ya nyuma. Vipini vyake haviko sawa kwa urefu, kwa hiyo usiisukume kwa nguvu.

Ukikanyaga breki na taa za kugeuka zikawaka kidogo, au taa zote zikififia, ni njia ya kurudi.

Fyuzi ikiungua kila mara, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma. Tafuta mahali waya unapopita katika tundu la fremu au karibu na gurudumu, na uangalie kama panya wameutafuna. Usiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi huungua ili waya usiungue, na trela iliyojaa nyasi kavu haihitaji cheche nyingi.

KINGA

Trela ikipumzika, usiache plagi ikiburuzwa katika matope. Itundike, mdomo ukitazama chini. Paka vaselini kidogo kwenye vipini vyake. Bandika vioo vyekundu vya kurudisha mwanga nyuma ya trela, kwa maana taa yaweza kuzimika njiani bila wewe kujua.

Kila jioni kabla ya kuingia barabarani, mtu mmoja akanyage breki na mwingine asimame nyuma atazame. Taa zisipowaka, mzigo na ulale shambani mpaka asubuhi. Mahindi yatangoja.