Kuku Ndani ya Mtambo

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, na ilipofika pwani ya Tanga iliyokuwa bado hai ilikuwa 62. Sisi tukautaka mmea huo kwa nyuzi zake, tukasuka kamba na magunia. Lakini kwao mkonge ni Mexico, na huko umeacha ndugu wengi sana: jamii ya agave ina spishi zipatazo 200, na kwa karne kadhaa Wamexico wamewatafutia baadhi ya ndugu hao kazi nyingine kabisa. Wanawapika, wanawachachua, wanawakeneka. Kinachotoka ni mezcal, pombe kali ambayo chupa moja inaweza kunukia pilipili mbichi, ya pili udongo uliopigwa na mvua, na ya tatu jibini iliyokaa muda mrefu.

Wengi wanaijua tequila. Hiyo ni mtoto mmoja tu wa ukoo huu, aliyesomeshwa mjini. Sheria inaifunga kwenye spishi moja, agave ya buluu, na hata inaruhusu tequila ya daraja la chini kuchanganywa na sukari ya mimea mingine hadi asilimia 49. Mezcal haina ruhusa hiyo. Lazima yote itoke kwenye agave, ila spishi zinazokubalika ni nyingi. Ndiyo maana ukiniuliza mezcal ina ladha gani, nitakuuliza kwanza: ya mmea upi, ya kijiji gani, imepikwa kwenye chombo gani?

Agave huchanua mara moja tu maishani, kisha hufa. Miaka yote kabla ya hapo hujiwekea akiba ya chakula kwenye kitovu chake kwa ajili ya siku hiyo. Mkulima hukaa macho: mlingoti wa maua ukianza kuchomoza, anaukata, na akiba inabaki ndani. Wapishi wazuri hawaharakishi hata hapo. Huuacha mmea umesimama miezi kadhaa ili utamu ukolee, ndipo waung'oe kwa shoka, panga na mtaimbo. Majani yakishaparuzwa hubaki bonge zito linalofanana na nanasi kubwa.

Ukilitafuna bichi hutapata utamu. Ile akiba ni fruktani, minyororo mirefu ambayo hamira haiwezi kuila, na ni moto unaoikata ikawa sukari. Wapishi wa jimbo la Oaxaca huchimba shimo lenye umbo la pia, hupanga kuni za mwaloni, na juu yake mawe. Mawe yakishaiva kwa moto hufunikwa na makapi mabichi ya agave yasiunguze, mabonge hupangwa juu, kisha mikeka, kisha udongo. Siku 3 hadi 5 hakuna anayefungua. Yanapotolewa yamekuwa ya kahawia, yanagandamana mikononi, na nyuzi zake unazitafuna kama muwa.

Moshi unaosifiwa au kulaumiwa katika mezcal huingia humo shimoni. Kuni zinapoungua hutoa fenoli, na hizo hujishika kwenye nyama ya agave. Hakuna anayeumimina baadaye. Lakini niseme wazi msimamo wangu: moshi ndiyo sehemu isiyo na maajabu ya kinywaji hiki. Ukiishia kwenye moshi umeonja kuni, na mmea bado hujaufikia. Mpishi mahiri huuacha moshi nyuma kabisa, na mezcal inayofuka kama jiko la mkaa mara nyingi inaficha agave iliyong'olewa kabla ya wakati.

Mambo huanza kuwa matamu kwenye kuchacha. Mabonge yaliyoiva hupondwa, ama kwa jiwe kubwa la mviringo linalozungushwa na farasi, ama kwa nyundo za mti ndani ya hori, kisha hutiwa maji na kuachwa wazi. Hakuna hamira ya kununua. Kinachofanya kazi ni hamira na bakteria wa hewani, wa mbao za pipa, wa mikono ya watu. Katika kijiji cha Santa María Ixcatlán, kaskazini mwa Oaxaca, juisi huchachia ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotundikwa kwenye fremu ya miti kama beseni. Kwingine ni vyungu, kwingine mashimo yaliyochongwa mwambani. Hali ya hewa ikiwa baridi kazi huchukua wiki mbili badala ya siku chache, na kadiri inavyokawia ndivyo bakteria wanaochachua maziwa wanavyopata nafasi ya kuweka alama yao.

Alama hiyo inasikika wazi zaidi kwenye raicilla, ndugu wa mezcal anayetengenezwa milimani na pwani ya jimbo la Jalisco. Nyingi hutoka kwenye spishi iitwayo Agave maximiliana. Pua hupokea nanasi lililoiva kupita kiasi, kisha jibini, kisha kitu cha zizini. Mtu aliyezoea wiski anaweza kudhani imeharibika. Haijaharibika, hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe, na tangu mwaka 2019 raicilla ina hadhi ya jina la asili linalolindwa kisheria. Ukipewa kwa mara ya kwanza usiihukumu kwa tone la kwanza. Tone la kwanza ni la kuuzoesha ulimi ukali wa pombe. La pili na la tatu ndiyo yanayosema.

Huko Jalisco na jirani yake Colima pia kuna habari inayotugusa watu wa minazi. Kati ya mwaka 1565 na 1815 merikebu za Kihispania zilisafiri baina ya Manila na Acapulco, na mabaharia wa Kifilipino walioshuka pwani ya Colima walikuja na ujuzi wa kugema mnazi na kuikeneka tembo yake. Mtambo wao ulikuwa rahisi: gogo lililotobolewa, sufuria chini, sufuria nyingine ya maji baridi juu, na ubao katikati unaopokea matone. Mitambo ya namna hiyo bado inapika agave magharibi mwa Mexico hadi leo. Wataalamu hawakubaliani kama Wamexico waliijua kazi ya kukeneka kabla ya meli hizo, na mabishano hayo bado ni makali.

Santa Catarina Minas, kijiji cha kusini mwa jiji la Oaxaca, kinajulikana kwa mitambo ya vyungu. Chungu kimoja hukaa jikoni kwenye moto, cha pili kisicho na kitako hukaa juu yake, na bakuli la maji baridi hufunika. Mvuke ukigusa bakuli hugeuka matone, matone hudondoka kwenye kijiko cha mti, na mrija wa mwanzi huyatoa nje. Chungu hubeba kidogo, hupasuka upesi, na hula kuni. Lakini mezcal ya chungu ina uzito ulimini na harufu ya udongo mbichi ambayo mtambo wa shaba hauitoi. Shaba husafisha, huondoa harufu za kiberiti, na kuacha matunda yasikike. Mimi hupenda vyote viwili, ila sivinywi siku moja.

Mpishi anajuaje nguvu ya pombe yake bila kipimo? Huchukua mwanzi, huvuta kidogo kwa mdomo, kisha huuachia mchirizi uangukie kwenye kata ya kibuyu. Mapovu madogo hutokea na kujipanga ukingoni kama shanga. Yakikaa, pombe iko karibu asilimia 45 hadi 55. Yakipasuka mara moja, imezidi au imepungua, na hapo pua ndiyo inayoamua ni lipi kati ya hayo mawili. Kinachotoka mtamboni mwanzoni huitwa kichwa: ni kikali na kinanukia kama rangi ya kucha. Katikati ni moyo. Mwisho ni mkia, mzito na wenye uchachu. Viwanda vikubwa hushusha ukali kwa maji. Mpishi wa kijijini hurekebisha kwa kuchanganya moyo na kiasi cha kichwa na mkia, na ladha nyingi za ajabu zinakaa humo kwenye mkia. Si mchezo wa kuigizwa na kila mtu, kwa kuwa agave ina pektini inayozaa methanoli; kanuni za Mexico zinaweka kikomo cha miligramu 300 kwa kila mililita 100 za alkoholi tupu, na chupa zenye cheti hupimwa maabara kabla ya kuuzwa.

Sasa kuku. Mezcal iitwayo pechuga, yaani kidari, hukenekwa mara ya tatu. Safari hiyo mtamboni hutiwa matunda ya msimu, mathalani tufaha, nanasi, ndizi na plamu, pamoja na lozi, mchele, mdalasini, na kila familia ina siri yake. Kidari cha kuku au bata mzinga, kilichooshwa na kuvuliwa ngozi, hutundikwa juu ya vyote hivyo, kwenye njia ya mvuke. Mvuke hupita humo saa nyingi. Jioni kidari kimekauka na kuiva, na pombe imetoka nyeupe kama maji. Ni kinywaji cha harusi, cha sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, cha siku za kuwakumbuka wafu.

Je, inanukia mchuzi wa kuku? Wapo wanaoapa hivyo. Ninavyoona, macho yamewasaidia pua zao. Protini na chumvi hazipandi na mvuke. Vinavyopanda ni vitu vyepesi tu, na katika kuku ni vichache. Unachokipata ni ulaini: makali ya pombe yamekuwa mviringo, nyuma yake kuna ganda la tunda na mdalasini, na mwishoni mguso wa mafuta mdomoni. Wapo wanaotundika sungura, mawindo, hata paja la nguruwe la Kihispania, na hapo nakiri mnofu uliokaushwa kwa chumvi huacha alama kubwa zaidi kuliko kidari kibichi. Wengine huloweka nyoka ndani ya chupa. Huyo sijaona anachoongeza zaidi ya bei.

Na kiwavi? Yule anayeelea kwenye chupa ni lava wa nondo anayekula agave, na biashara yake ni ya karne ya 20, ilichangamka kuanzia miaka ya 1950. Wenyeji wa Oaxaca wanamthamini, lakini kwenye sahani: hukaangwa, husagwa na chumvi na pilipili kavu, na unga huo hunyunyizwa kwenye kipande cha chungwa kinachowekwa karibu na glasi. Lebo itakusaidia kutofautisha. Kanuni iliyotangazwa mwaka 2017 inataka chupa yenye kitu kilichoongezwa baada ya kukeneka iandikwe abocado con, na iliyokenekwa pamoja na kitu iandikwe destilado con. Kiwavi ni wa kundi la kwanza, kuku wa la pili. Kanuni hiyohiyo iliigawa mezcal katika madaraja matatu: mezcal tupu, ambayo inaruhusiwa mashine za kisasa, artesanal, ya tanuri la shimo au la kujengwa na moto wa kuni chini ya mtambo, na ancestral, ya vyungu na nyundo. Jina la spishi nalo lazima liandikwe. Lisome kabla ya kusoma bei.

Namna ya kuonja ni rahisi. Tumia kikombe kipana na kifupi. Vijiglasi vya mshumaa wa kanisani ndivyo vinavyotumika sana Oaxaca. Mimina kidogo viganjani, vikuchue mpaka pombe ipae, kisha nusa: harufu inayobaki ni ya agave iliyopikwa, na ikibaki harufu ya kemikali chupa hiyo iache. Ukinusa kikombe fungua mdomo kidogo, usiizamishe pua. Kisha busu tu, tone la kulowesha midomo. Ndimu na chumvi za baa zinaua kila kitu.

Anza na espadín, agave inayolimwa zaidi, ili upate kipimo: tamu, yenye tunda na moshi kiasi. Endelea na madrecuixe, jamii ya Agave karwinskii yenye shina refu, kavu na ya majani mabichi. Tobalá ni mmea mdogo wa kivulini na milimani, unaotoa harufu ya maua. Malizia na tepeztate, inayoota kwenye majabali: pilipili hoho mbichi, majani yaliyopondwa, na ladha inayokaa kooni dakika nzima. Ukianza nayo, zinazofuata zitaonekana maji.

Tepeztate moja huweza kuchukua miaka 25 au zaidi kukomaa, wakati espadín hukomaa kwa miaka 6 hadi 10. Nyingi hukusanywa porini, na wateja wa nje walipoongezeka kuanzia miaka ya 2000 milima kadhaa ya Oaxaca ilianza kubaki mitupu. Kila mlingoti unaokatwa pia ni chakula kilichoondolewa mdomoni mwa popo wa jenasi Leptonycteris, wanaokunywa nekta ya agave usiku na kubeba chavua. Espadín za shambani nyingi hupandwa kwa vichipukizi vya mama mmoja, hivyo ugonjwa ukiingia hukuta mimea inayofanana. Kwa hiyo baadhi ya wakulima sasa huiacha sehemu ya agave zao ichanue na kufa bila kupikwa, wakapata mbegu kwa njia ya popo, wakaziotesha vitaluni na kurudisha miche mlimani. Mezcal ya tepeztate walizopanda mwaka huu itaingia chupani miaka ya 2050.