Mapafu ya Kijana Hujengwa Mara Moja

Kijana wa miaka ishirini anayepakua mizigo mpakani Tunduma hana habari na mapafu yake. Anacheza mpira, anapanda na kushuka malori, na akikohoa asubuhi husema ni vumbi tu. Mwezi huu tunapenda wazazi na vijana wajue kwa nini kikohozi hicho kisidharauliwe.

Mapafu hukua pamoja na mwili. Uwezo wake hufikia kilele kati ya miaka 20 na 25 hivi, kisha hupungua polepole kwa kila mtu, hata asiyeugua. Ni kama ghala la mahindi kule Mbozi: aliyevuna magunia kumi na aliyevuna sita wote hushiba mwezi wa Julai, tofauti huonekana Februari. Vivyo hivyo, ambaye mapafu yake hayakujaa ujanani anaweza kuanza kuhema akiwa na miaka arobaini na kitu, wakati wenzake bado wanapanda mlima.

Nini hupunguza mavuno hayo? Moshi wa kuni ambao mtoto huuvuta mgongoni mwa mama, nimonia za utotoni, sigara, na moshi wa dizeli wa malori yaliyopanga foleni. Kwa vijana wetu waliokwenda kwenye machimbo ya dhahabu wilayani Songwe liko jambo zito zaidi. Vumbi la mawe yanayosagwa makavu huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona, tena humfungulia mlango kifua kikuu. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi hilo jembamba. Kulowanisha mawe kabla ya kuyaponda husaidia zaidi, nasi tunashangaa kwamba ndoo ya maji huonekana ni gharama.

Mapafu hupimwa kwa kupuliza kwa nguvu kwenye chombo kiitwacho spirometa. Kijana mwenye mapafu mazima hutoa zaidi ya robo tatu ya pumzi yake katika sekunde ya kwanza. Kipimo hiki hakipo kila zahanati. Ulizeni katika hospitali za rufaa. Anayekoroma kifuani usiku huenda ana pumu, nayo ina dawa ya kuvuta isiyoleta mazoea kama wengi wanavyodhani. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apime makohozi. Tiba ya kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida huchukua miezi sita.

Nyumbani, jiko liwe na dirisha, na kuni ziwe kavu. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Anayeweza kununua mtungi wa gesi asisubiri. Na katika baridi ya Juni na Julai, msilale na jiko la mkaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua usiku mmoja.