Kisha diploma, tutaenda wapi?



Sisi wa mwaka wa mwisho tuko na swali moja linalotufuata kila pahali. Tukienda likizo, baba mdogo anauliza: « Ukimaliza, utafanya kazi gani? » Tukienda kuchota maji, mama jirani anauliza vilevile. Tunajibu upesi: « Nitakuwa munganga », ao « Nitasoma sheria ». Lakini usiku, taa ikizimwa, tunajua ya kama jibu lile tulilitoa juu ya kuepuka haya tu. Ukweli ni huu: wengi wetu hatujui.

Kutokujua si zambi. Kunakoharibu ni kule kuficha. Mmoja wetu aliingia seksioni ya sayansi sababu rafiki zake wote walikwenda kule. Mwaka muzima alilia mbele ya hesabu, na baba yake alikuwa ameuza ngombe juu ya minervali. Aliogopa sana kumwambia. Siku alipomwambia, mzee alinyamaza kwanza, kisha akasema: « Ngombe amekwisha kwenda, lakini wewe ungali hapa. Tuseme sasa. » Ndugu yetu akaanza upya katika pedagogia. Mwaka mmoja ulipotea, mtoto hakupotea.

Basi tumeona ya kama kuna kutokujua kwa namna mbili. Kuna mtu anayeketi kwenye njia panda, anangoja mwingine apite amwonyeshe. Kuna pia mtu anayetembea. Mwisho wa njia hauoni, lakini hatua tatu za mbele anaziona. Huyu wa pili hakupotea.

Tutwae mfano wa mtu ambaye sisi wote tunajua jina lake. Munganga Denis Mukwege alizaliwa Bukavu katika mwaka 1955, mwana wa mchungaji. Alipomaliza sekondari, hakuanza na udaktari. Alikwenda kwanza Kinshasa kusoma uinjinia. Kisha akageuka, akaenda Burundi kusoma udaktari, akamaliza katika 1983. Hata pale njia haikunyoka. Alitaka kutunza watoto, lakini katika hospitali ya Lemera aliona wamama wanakufa wakati wa kuzaa. Akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza kazi ya kuzalisha na kutunza wanawake. Katika 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa katika vita. Katika 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, na katika 2018 akapewa zawadi ya Nobel ya amani.

Tufikiri kidogo. Kama baba mdogo angalimwuliza alipokuwa na miaka 20, « Utafanya kazi gani? », angalijibu nini? Panzi haikukuwako bado. Njia yake ilionekana kila mara alipotazama shida iliyokuwa mbele ya macho yake, akakubali kugeuka.

Hatusemi ya kama kila mmoja wetu atapewa Nobel! Tunasema ya kama kuna mambo matatu ambayo hata sisi tunaweza kufanya tangu leo.

1. Tuangalie wenzetu wanakuja kwetu juu ya nini. Kama wanakuomba kila siku uwafasirie somo, ao utengeneze radio, ao upatanishe wanaogombana, ile ni alama.

2. Wakati wa likizo tuombe kukaa siku chache pembeni ya mwenye kazi: mwuguzi, fundi, mwalimu, mkulima. Kazi inaonekana vingine kabisa ukiwa karibu. Tutaona uchovu wake pia, si heshima yake tu.

3. Tuseme ukweli na wazazi na walimu mbele ya kuchagua seksioni, si nyuma. Wazazi wetu wanatoa mali yao kwa taabu, wanastahili kujua.

Ninyi wadogo ambao mtachagua seksioni hivi karibuni, msiandike jina la seksioni sababu jirani wa bangi ameiandika.

Yule ndugu yetu wa ngombe, siku hizi kila posho anafundisha watoto wa mtaa kusoma. Baba yake alipita siku moja, akasimama kwenye mlango, akasikiliza, akaenda zake bila kusema neno. Alikuwa anacheka.

Na sisi wengine, mkituuliza tena, tutajibu bila haya: mwisho hatuujui bado, lakini tunajua pa kuanzia.