Linux nyumbani: ukuta wa kinga haumzuii mwizi

Mtu akiisha kuweka Linux kwenye ordinatere yake, mara nyingi anauliza: ninunue ukuta gani wa kinga? Hakuna cha kununua. Kwenye Ubuntu na Linux Mint uko tayari ndani, unaitwa ufw, lakini umelala. Fungua terminali, andika sudo ufw enable, basi. Wanaojaribu kuingia toka inje wanakataliwa, wewe unaendelea na intaneti kama kawaida. Kwa nyumba inatosha, tena inafaa sana ukiwa kwenye waifai ya hoteli ao ya siberi.

Lakini tusidanganyane: ufw haifichi kitu. Kampuni inayokuuzia mega bado inaona unatembelea saiti gani. Ukiweka VPN, mwenye VPN njo anaanza kuona. Zile za bure tuziogope zaidi, sababu lazima mtu alipie mashine zake. Tor inaficha vizuri kuliko, ila iko polepole. Kwa matangazo yanayokufuatafuata, Firefox pamoja na uBlock Origin inasaidia, na mega zinabakia kidogo.

Halafu kuna mwizi. Akibeba laptopu anaweza kutoa diski na kuisoma kwenye mashine ingine, hata kama hajui neno lako la siri. Dawa ni kufunga diski yote kwa LUKS, na unaichagua siku ile ile ya kuweka Linux. Ulisahau? Njia rahisi ni kukopi mafaili yako pembeni na kuweka upya. Na lile neno la kufungulia diski likikupotea, hata fundi hatakufungulia.