Haki Si Hisani

Mnyonge hana haki, walinena wahenga. Methali hii yamsadifu mkulima mdogo wa kahawa au kakao, ambaye hutoka jasho ilhali bei ya zao lake hupangwa na watu asiowajua. Je, kijiji kimoja chaweza kumfaa kwa lipi?

Garstang, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ulilijibu swali hilo. Mnamo Aprili 2000, wakihimizwa na daktari wa mifugo, Bruce Crowther, wakazi walikutana wakautangaza mji wao kuwa wa kwanza duniani wa biashara ya haki. Makanisa, shule na wenye maduka waliafiki kutumia au kuuza chai, kahawa na chokoleti zenye alama ya Fairtrade. Chini ya mpango huo, wakulima hupata fedha za ziada, na wao wenyewe huamua iwapo watajenga darasa, zahanati au kisima. Baadaye Garstang ilifunga udugu na New Koforidua, mji wa wakulima wa kakao nchini Ghana. Miji zaidi ya 1,000 imekwisha kuiga mfano huo.

Wapo wanaoiita kazi hii hisani. Wamekosea neno. Hisani hutolewa mtu apendapo. Haki ni deni.

Basi mwalimu mwenzangu, umiminapo chai katika chumba cha walimu, uliza: aliyeichuma alilipwaje? Nanyi wanafunzi, mwulizeni mwenye duka. Haba na haba hujaza kibaba.